Upepo Tumeuona, Mita Iko Wapi?

Kama hujaitazama The Boy Who Harnessed the Wind, filamu ya mwaka 2019 iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, itafute. Ni kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajenga kinu cha upepo kwa baiskeli kuukuu, feni ya trekta na dainamo. Maxwell Simba anamwigiza William vizuri mno, na ugomvi wa baba na mwana juu ya baiskeli ya familia unauma kweli.

Ila mimi nina kesi nayo, tena ya kisayansi.

Kwa mtazamaji wa Nachingwea au Ruangwa maisha yale si mageni. Mvua ni msimu mmoja, ukikosa umekosa. Na kwenye kibanda cha fundi redio utakuta rundo la sabufa zilizokufa, chaja na betri. Kijana akitoka kuitazama filamu hii ataliona rundo lile kama hazina, na hajakosea. Tatizo ni kwamba filamu imemwonyesha kuokota na kuunganisha, ikaruka kupima.

Chukua dainamo. Inatoa mkondo geu, unaobadili mwelekeo kila mara, wakati betri ya gari huchajiwa kwa mkondo wa mwelekeo mmoja. Katikati panahitajika dayodi, nazo zimejaa kwenye redio na chaja mbovu. Utaijuaje nzima? Weka mita: nzima inapitisha umeme upande mmoja tu. Ikipitisha kote kote imeungua, isipopitisha kokote imekatika. Hapo ndipo takataka inakuwa kifaa, na hapo filamu haikai. Inakimbilia maji.

Na maji yenyewe! Kwenye filamu kinu kinaendesha pampu na kuokoa shamba. Kiuhalisia, kinu cha kwanza cha Kamkwamba kiliwasha taa na redio. Mambo ya pampu yalikuja baadaye. Kwa anayejifunza, kuwasha taa moja ni ushindi tosha, na filamu imetunyima ushindi huo.

Kwa nini nang'ang'ania mita? Kwa sababu rundo la leo lina hatari zake. Kapasita kubwa ya televisheni inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa waya ukutani. Seli ya lithiamu ya betri ya laptopu kwa kawaida huishia volti 4.2, ukizidisha inaweza kuwaka moto. Iliyoshuka chini ya volti 2, usijaribu kuifufua. Na ujue upande hasi wa seli hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa kinywe, madini yaliyomo kwenye ardhi ya Ruangwa, kule Chilalo na Nachu. Kwa hiyo somo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Filamu inapoanza, William anawatengenezea majirani redio, na mwongozaji anapita hapo haraka, kama utangulizi tu. Kwangu mimi sayansi ya kisa kizima iko pale. Itazame, ufurahi, ulie kidogo. Halafu kabla hujaenda jalalani, pitia kwa fundi redio wa mtaani kwako, umwamkie, umwombe akuonyeshe mita inavyosomwa. Vipande utavikuta, havikimbii.