Kifuniko Chenye Uzi

Kamera ya mzee ilikuwa Pentax K1000, na kifuniko cha lenzi yake kilining'inia kwenye uzi wa kushonea viatu. Kila baada ya picha alikirudisha mahali pake. Mteja hajainuka vizuri kwenye kiti, vidole vya mzee vimeshaufuata uzi. Mwanzoni niliona ni mazoea ya uzee, hadi siku aliponieleza. K1000 haina swichi ya kuzima kipimamwanga. Kikiona mwanga kinakunywa betri, kikizibwa jicho kinalala. "Mwenye kifuniko hanunui betri," alisema, akaikunjua flana aliyoitunza kwenye mfuko wa shati na kuanza kufuta lenzi. Nimeshika kamera nyingi tangu siku ile, nyingine za bei ya pikipiki, na sijaona mtu mwingine anayeijua mashine yake mpaka namna inavyolala.

Wakati huo nilikuwa nikiishi Hillbrow, Johannesburg, Mtaa wa Kotze, chumba ambacho dirisha lake lilijaa ule mnara wa simu wa mita 269 uliokamilika mwaka 1971. Jumamosi nilishuka na Mtaa wa Twist hadi Joubert Park, kamera yangu ikiwa chini ya mkate ndani ya mfuko wa dukani, maana Hillbrow humfundisha mgeni mapema kutoning'iniza mali shingoni. Bustanini kulikuwa na wacheza chesi wakikumbatia kete kubwa kama wanaobeba watoto, na ng'ambo ya ua honi za teksi zisizokwisha, na jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 1915. Na walikuwapo wapiga picha. Msanii Terry Kurgan alipowafuatilia mwaka 2004 aliwakuta wapatao 40, kila mmoja na mahali pake panapojulikana, wengine wakiwa wamesimama hapo hapo zaidi ya miaka 20. Mimi niliwakuta wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, mzee akiwa mmoja wao.

Mzee alikuwa mtu wa pwani, upande wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Nilimwamkia bila kufikiri kwa sababu alisimama kama wazee wa kwetu Tanga wanavyosimama, mikono nyuma, kidevu kimeinuka kidogo. "Shikamoo, mzee." Akageuka polepole, akanitazama viatu kwanza, kisha uso. "Marahaba, mwanangu. Hiyo sijaisikia tangu Idi." Kuanzia hapo nikawa na kiti changu, ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na ruhusa ya kutazama mradi nisimsemeshe mteja.

Nilichokwenda kutazama ni mkono wake. Mteja akishaketi, mzee aliunyoosha mkono wa kushoto mbele ya lenzi, mgongo wa mkono ukielekea jua lile lile linalompiga mteja usoni, akasogeza kamera karibu mpaka mkono ukajaa kiooni. Akasoma sindano. Akageuza tundu la lenzi, akashusha mkono, ndipo akamtazama mtu. Nilimuuliza kwa nini asipime uso wenyewe. "Uso wake una haya," alinijibu. "Mkono wangu hauna."

Mwenye kuipenda kazi hii anajua kilichokuwa kikitendeka pale. Kipimamwanga ni kifaa chenye imani moja tu: kwamba dunia nzima ni ya rangi ya kijivu. Kikielekezwa kwa dada aliyevaa blauzi nyeupe ya kanisani, chini ya jua la Johannesburg ambalo liko karibu na watu kwa vile mji wenyewe umepanda zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, kinashtushwa na weupe ule na kuamuru mwanga upunguzwe. Blauzi inatoka safi. Uso wa dada unatoka kama tundu. Nimeona picha za harusi za namna hiyo, gauni lina kila uzi wake na bibi harusi hana macho, na mpiga picha amelipwa. Mzee hakuliacha jambo hilo kwa sindano. Mkono wake na uso wa mteja vilikaribiana rangi, kwa hiyo mkono ulisema kweli kuhusu ngozi, na blauzi ilijitafutia njia yake. Kama mteja ni mweupe kidogo kuliko yeye alirudisha nusu hatua. Kama ni mweusi zaidi aliacha ilivyo, kwa sababu filamu ya rangi haichukii mwanga wa ziada, inachukia kunyimwa. Hakuwahi kunieleza hayo kwa mpango. Niliyaokota moja moja kwa muda wa miezi, kama mtu anayeokota vifungo.

Mji huu una sababu ya kuogopa kupimwa uso na wengine. Enzi ya ubaguzi, Mwafrika alipolazimishwa kutembea na pasi, picha yako ilikuwa ya serikali kabla haijawa yako. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba vifaa vya kampuni yao vilitumika kupiga picha za pasi za Waafrika wa huku. Wakaanzisha kampeni ya kuisusia kampuni, na mwaka 1977 Polaroid ikaondoka Afrika Kusini. Kamera iliyohusika, ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi: bonyeza, ngozi nyeusi inaonekana, mtu anatambulika, anaweza kusimamishwa njiani. Katika miaka hiyo hiyo, kadi ambayo maabara za picha zilipewa na Kodak kusawazishia rangi ilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imehesabiwa kuwa sawa. Kitufe cha serikali na mkono wa mzee vilitatua tatizo moja. Lakini kitufe kilimtafuta mtu ili ashikwe, na mkono ulimtafuta ili mama yake kule Inhambane au Bulawayo amwone ameshiba.

Watu huniuliza wanunue kamera gani, nami najibu kwa ukali kuliko inavyonipasa. Yangu ni Nikon FM2, mfano uliotoka mwaka 1982, na lenzi moja ya milimita 50. Betri yake ni ya kipimamwanga peke yake; ikifa, kamera inaendelea kufyatua. Usiku wa mgao wa umeme, Hillbrow nzima imezama na taa za magari tu zinapanda kutoka mjini, nimepiga nayo picha nikikisia mwanga kichwani. Ninayo ya dijitali pia, na siionei haya. Hiyo ina tabia kinyume na filamu: weupe ukishaungua haurudi, kwa hiyo naipimia mawingu badala ya mkono. Ila mwenye lenzi tano huyapeleka macho yake kwenye mkoba. Nimewaona vijana wa Jumapili pale Constitution Hill wakibadilisha lenzi mara nne huku kivuli walichokijia kimeshapita ukuta na kwenda zake. Lenzi moja inakulazimisha utembee, na kwa kutembea ndipo unapomfikia mtu mpaka usikie anavyopumua.

Mpiga picha David Goldblatt alitembea hivyo katika Joubert Park hiyo hiyo mwaka 1975, akapiga picha za mikono iliyolala mapajani, miguu iliyokunjwa, pindo la gauni la mtu aliyeketi kwenye benchi. Vipande vya miili, nyuso karibu hazimo, na bado unajua huyu amechoka na yule anasubiri. Miaka ya ubaguzi kazi zake binafsi alizifanya kwa nyeusi na nyeupe, akiona rangi ni tamu mno kwa uchungu uliokuwapo. Baadaye, miaka ya tisini ilipokuwa ikiisha, aliingia kwenye rangi, na kilichomfungulia mlango kilikuwa uchapaji wa kompyuta: sasa aliweza kuitiisha rangi kama alivyozoea kuitiisha nyeusi. Aliyetukuzwa kwa filamu aliipokea programu, kwa kuwa alishajua anataka ifanye nini.

Ndiyo maana simwelewi anayesema kompyuta ndiyo iliyoua picha. Kule Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor aliunganisha picha mbili tatu kuwa moja kwa mkono wake, Photoshop ikiwa haijazaliwa. Hiyo ilikuja mwaka 1990. Zanele Muholi, aliyepita katika shule ya Market Photo Workshop ambayo Goldblatt aliianzisha mwaka 1989 mjini hapa, hujipiga picha mwenyewe kisha huongeza weusi wa ngozi yake mpaka ung'ae kama jiwe la mtoni, makusudi, mbele ya dunia nzima. Mimi husafisha faili zangu kwa darktable, programu ya bure, na ninachofanya humo ni kile kile cha chumba cha giza: hapa nafunika, pale naachia. Sipendi kwamba tangu mwaka 2013 Adobe imegeuza programu zake kuu kuwa za kupangisha, kodi kila mwezi kama chumba cha Hillbrow. Fundi anapaswa kumiliki nyundo yake.

Kinachoniuma ni simu. Simu haikungojei. Kabla kidole hakijaondoka kiooni imeshaulainisha uso, imeyafungua macho, na mara nyingine imeipandisha ngozi rangi moja au mbili kuelekea kwenye ile kadi ya Kodak, na hakuna aliyeiomba. Binti wa jirani yangu alinionyesha picha yake, nikamwambia kwamba kovu lake la nyusi halipo. Akaitazama sana. Hakuwa ameliondoa yeye. Alilipata akiwa na miaka sita, alipoanguka kwenye ngazi za ghorofa yetu lifti ilipokuwa imeharibika, na mama yake alikimbia naye mgongoni. Mzee asingelifuta kovu lile. Angegeuza kiti kidogo, mwanga uje kutoka pembeni, kovu likae mahali pake bila kupiga kelele.

Alikuwa na bahasha ya kaki, kubwa, iliyoshonwa upya pembeni kwa uzi ule ule wa viatu. Ndani yake mlikuwa na picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Utaratibu wa bustanini ulikuwa nusu kwanza, nusu siku ya kupokea. Wengine walilipa nusu ya kwanza na mji ukawameza. Alinitolea moja moja juu ya goti lake. Muuguzi aliyevaa sare, ameshika cheti. Vijana wawili wamegawana miwani moja ya jua, huyu ameivaa, yule ameishikilia pembeni. Mwanamke mwenye keki. Mwanamume aliyekuja na suti ya kuazima, lebo bado inaning'inia mkononi. "Huyu alisema Ijumaa," mzee alisema, bila kutaja Ijumaa ya mwaka gani. Kurgan naye alizikusanya picha za namna hiyo kutoka kwa wapiga picha wa pale. Na huko Ponte, lile jengo la mviringo la ghorofa 54 ukingoni mwa Hillbrow, Mikhael Subotzky na Patrick Waterhouse waliingia kuanzia mwaka 2008, wakapiga picha kila mlango, kila dirisha na kila televisheni, na katika vyumba vilivyohamwa waliokota karatasi na picha za watu waliokuwa wameondoka. Eneo hili ni la wanaopita. Picha ndiyo iliyobaki ikiwangoja.

Nilimuuliza mzee kwa nini asizitupe. Akaniangalia kwa namna ambayo nisingependa kuangaliwa tena. "Uso wa mtu, mwanangu? Nautupia wapi?"

Siku hizi hakuna cha kungoja. Picha inapigwa, inatumwa, imefika Palma kabla aliyepigwa hajasimama. Sikatai, hata mimi humtumia mama kwa njia hiyo, na hufurahi. Ila ndani ya simu yangu zimo picha elfu kadhaa, na hakuna hata moja ambayo mtu mwingine anaihesabu kuwa deni lake.

Mwezi wa Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua, mzee aliniambia niketi. Alikuwa amenitazama mwaka mzima, alisema, na hajawahi kunipiga. Niliketi. Mkono wake ulikuja mbele ya lenzi, nikauona kwa upande ambao wateja huuona: kiganja, mikunjo yake, alama ya asidi ya maabara kwenye kidole gumba. Ukashuka. Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyozoea kutazamwa na yeyote, mpaka nikasahau kujiandaa, ndipo nikasikia mlio mmoja. Kifuniko kikarudi. Nikalipa nusu; alikataa kunipa bure, akisema picha ya bure haina mwenyewe. Akaniandikia risiti kwa penseli na kuniambia nije Jumamosi.

Jumamosi ile nilikuwa kazini, na iliyofuata ilinyesha. Ya tatu nilishuka na Mtaa wa Twist nikakuta mahali pake pamewekwa meza ya vifuniko vya simu. Muuzaji, kijana mpole, hakumjua. Mpiga picha wa upande wa pili alisema mzee amesafiri, labda kwao, labda hospitali, alikuwa akikohoa. Bahasha? Alikwenda nayo.

Nimerudi mara nyingi. Risiti ninayo bado, imekunjwa ndani ya kasha la FM2. Penseli imeanza kufifia lakini neno "nusu" linasomeka.