Maneno ya Mfuatano na Suala la Cheo: Mifano kutoka Nakuru

Maneno ya Kiingereza first, second na third hufundishwa kana kwamba ni one, two na three zilizobadilishwa umbo tu. Asili yake yaikanusha dhana hiyo. First halikutokana na one. Lilijengwa juu ya mzizi wenye maana ya mbele, nalo hapo kale lilimaanisha aliye mbele kuliko wote. Second lilitoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa, katika kitenzi chenye maana ya kufuata, likachukua nafasi ya other, neno ambalo zamani lilimaanisha pia "wa pili". Ni third pekee, kati ya hayo matatu, lenye nasaba ya wazi na idadi yake.

Kiswahili kina njia yake. Kwanza latokana na kuanza. Pili ni ndugu wa -wili. Mosi, lililohifadhiwa katika Jumamosi, ni neno kongwe la Kibantu. Kuanzia tatu, -a unganifu yatosha: vyumba vitatu ni idadi, chumba cha tatu ni mfuatano. Kikuyu, kinachosemwa na wengi mjini Nakuru, husema wa mbere, yaani wa mbele, na kwa hilo chakaribiana na Kiingereza. Tofauti hii si ndogo. Aliye mbele hudhaniwa upesi kuwa ndiye bora; aliyeanza ameanza tu. Ndiyo maana wanaoandika "karne ya ishirini na kwanza" wamekosea: wamefasiri twenty-first kipande kwa kipande, ilhali kinachofuata ishirini hakianzi chochote. Usahihi ni "karne ya ishirini na moja".

Hata hivyo, asili ya neno haitoshi kueleza matumizi yake. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 ilikuja na mabehewa ya madaraja. Kwa desturi ya enzi ya ukoloni, daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Lakini daraja, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kipandio cha ngazi pia, na apandaye ngazi akifika daraja la tatu yuko juu ya la kwanza. Shuleni ni vivyo hivyo: darasa la nane, lililokuwa kilele cha shule ya msingi katika mfumo ulioanza mwaka 1985, lilikuwa juu ya darasa la kwanza. Katika gari la moshi hesabu ilianzia juu ikashuka.

Katika bonde hilohilo aliishi Lord Delamere (1870–1931), mlowezi aliyepewa ekari zipatazo 100,000 huko Njoro. Yeye alikuwa Baroni wa tatu, na tatu hiyo haikumpunguzia heshima yoyote, kwa kuwa ilihesabu warithi wa cheo. Basi "wa tatu" mmoja alimiliki ardhi, na abiria wa "la tatu" alisongamana na wenzake katika behewa. Neno lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni mstari, na aliyeupanga.

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, ikaitwa jiji la nne la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Eldoret ikafuata mwaka 2024, ikawa la tano. Mfuatano huo ni wa kupokea hati. Hausemi lolote juu ya ukubwa wala ubora wa mji. Anayesoma "la nne" akaelewa "la chini" anaendeleza hesabu ya behewa mahali pasipo behewa.

Kwa hiyo mfasiri na mwalimu hawana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kufasiri neno la mfuatano: mstari wahesabiwa kutoka wapi, na ni nani aliyeupanga? Kiswahili, kwa kulijenga neno kwanza juu ya kuanza, hakikutia cheo ndani yake. Cheo kilitiwa na watu, na watu waweza kukiondoa.