Kuipima Picha ya Gemu Ikiwa Mwendoni

Mtu akijisifu kwamba kompyuta yake inacheza gemu na kila kitu kikiwa juu, kwa fremu 80, mwombe ageuze kamera kwa haraka mahali penye watu wengi. Picha iliyosimama karibu kila kadi ya michoro inaimudu. Kazi ni mwendo.

Fremu 60 kwa sekunde maana yake kadi ina milisekunde 16.7 tu za kuchora kila picha. Fremu 30 huipa 33.3, na skrini ya hezi 144 haiipi hata 7. Kila unachokiwasha kwenye mipangilio kinakula muda huo. Sasa, wastani huficha mengi: sekunde yenye picha 59 za milisekunde 15 na moja iliyochelewa hadi 100 bado itaandikwa fremu 60, ilhali mkono wako kwenye kipanya umeshausikia mstuko. Ndiyo maana mimi hutazama mstari wa muda wa fremu, ule ambao MSI Afterburner huuchora pembeni mwa skrini. Mstari ulionyooka kwenye fremu 50 naupenda kuliko wa meno ya msumeno unaoruka kati ya 45 na 90.

Cyberpunk 2077, iliyotoka Desemba 2020, ingali kipimo kizuri. Usipimie jangwani nje ya Night City, mji wa gemu hiyo; huko kila kompyuta inaonekana hodari. Nenda mtaa wa Japantown usiku, mvua ikinyesha, umati umejaa na taa za neoni zinameremeta kwenye lami iliyolowa. Tembea, kisha geuka nusu duara kwa mpigo mmoja. Picha ikiganda hapo, kuna kitu cha kushusha, na kukichagua ndiko kunakohitaji jicho.

Anza na uakisi. Kiwango chake cha juu kabisa kinaitwa Psycho, na gharama yake ni kubwa mno kwa tofauti ambayo utaiona tu ukisimama kuchungulia dimbwi. Kishushe bila huruma. Ukungu na mawingu nayo yakae wastani; ukikimbia huoni kilichopungua. Teksicha usiziguse maadamu memori ya kadi inatosha, kwani haziibi fremu nyingi, na ukizishusha kuta na ngozi za watu zinakuwa kama zimepakwa tope. Memori ikijaa, hapo ndipo migando inapoanza, na hakuna dawa isipokuwa kuzipunguza. Anisotropi iache 16: haili karibu chochote, na bila yake alama za barabara hufifia hatua chache tu mbele yako.

Umati ni jambo jingine kabisa, maana wale watu mzigo wao mkubwa unabebwa na prosesa. Shusha rezolusheni kwa muda. Fremu zisipopanda, kadi haina kosa. Punguza watu mtaani, na uakisi uurudishe ulipokuwa.

Halafu kuna DLSS ya Nvidia na FSR ya AMD, zinazochora picha ndogo na kuikuza. Skrini ya 4K ina pikseli milioni 8.3, mara nne ya 1080p, kwa hiyo kwenye 4K mbinu hizi zina malighafi ya kutosha: DLSS kwenye kiwango cha Quality huanzia 2560 kwa 1440. Kwenye 1080p huanzia 1280 kwa 720, na udhaifu hujitokeza kwenye vitu vyembamba. Tazama nyaya, fensi na nywele huku ukitembea. Zikimetameta, rudisha rezolusheni halisi na utoe kafara kitu kingine. Fremu za kubuniwa, zinazochomekwa kati ya fremu halisi na zilizokuja na DLSS 3 mwaka 2022, zipime kwa mkono. Namba itapanda sana, lakini gemu iliyokuwa na fremu 30 halisi itaendelea kuitikia kwa uzito uleule, au zaidi.

Na usitoe hukumu dakika ya tano. Kompyuta mpakato ikipata joto hupunguza kasi yenyewe, na anayecheza Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari analijua hilo vizuri. Cheza nusu saa, rudi Japantown, geuka tena, kisha ufungie fremu kwenye kiwango ambacho mashine iliyokwisha kupata moto inakimudu bila kuyumba.