Hadhira ikifukuzwa, tamthilia hubaki na nini?

Neno ‘onyesho’ halikuzuka hivi hivi tu. Mzizi wake ni kitenzi ‘ona’, kikanyambuliwa kikawa ‘onyesha’, yaani kumfanya mtu aone. ‘Hadhira’ nalo, tulilolitwaa kutoka Kiarabu, ni ndugu toka nitoke wa ‘hudhuria’ na ‘hadharani’: ni wale waliopo. Ukiyaweka maneno haya pamoja, umepata nusu ya nadharia ya sanaa za maonyesho. Pasipo aliyepo kuona, hakuna kilichoonyeshwa.

Nusu hiyo ya nadharia ilifunzwa na wasichana wa shule mnamo Aprili 10, 2025, katika Shule ya Upili ya Wasichana ya Kirobon, eneo la Rongai, kaunti ya Nakuru, pande hizi hizi za Salgaa. Wanafunzi wa Butere Girls walikuwa wamefika kwenye Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu na mchezo wao ‘Echoes of War’. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wao, aliyekuwa seneta wa Kakamega Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Polisi walirusha vitoa machozi kuwatawanya waliofika kutazama. Wasichana wakaingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Walilalamika kwamba hawakuwa na mwelekezi, vifaa vya jukwaa wala hadhira.

Mengi yalisemwa kuhusu siasa za kisa kile. Nataka kukitazama kama mhakiki wa fasihi, kwa sababu kususia kule, pamoja na kuwa lalama, kulikuwa uhakiki. Wakubwa walidhani tamthilia ni maneno yaliyokaririwa: mradi wanafunzi wako ukumbini na majaji wameshika kalamu, basi agizo la korti limetimizwa. Wasichana walijua zaidi. Walijua kwamba mchezo hukamilika pale mtazamaji anapocheka mahali ambapo mwandishi hakutarajia, au anaponyamaza ghafla kwa kujiona mwenyewe jukwaani. Kuigizia viti vitupu ni mazoezi tu, na mazoezi walikwisha kuyafanya.

Kwa nini mchezo mfupi wa watoto wa shule uogopwe kiasi hicho? Jibu moja limo katika umbo lenyewe. Tamthilia ndefu humpa mtazamaji nafasi ya kupumua. Ina visa vidogo vya pembeni, ina vichekesho vya kupoza. Mchezo mfupi hauna anasa hiyo. Huanza shughuli ikiwa imeshachacha, huwa na mgogoro mmoja na wahusika wachache, kisha hukatika ungali unawaka. ‘Echoes of War’ ulichora ufalme wa kubuni uliotoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vijana wakiwahoji watawala. Ufalme huo haukutajwa kuwa Kenya. Lakini ‘tamthilia’ ni jamaa ya ‘mithili’ na ‘mithali’: ni mfano. Anayeuona mfano akaruka na kusema “mnanisema mimi” ameshajitia mwenyewe ndani ya hadithi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Si mara ya kwanza, jamani. Mwaka 2013, shule iyo hiyo na mwandishi yuyo huyo walipigwa marufuku kwa mchezo ‘Shackles of Doom’, ikabidi Mahakama Kuu iingilie kati. Ukirudi nyuma zaidi utamkuta Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambako ‘Ngaahika Ndeenda’ ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977 na kuzimwa Novemba mwaka huo huo. Kabla ya mwaka kwisha, Ngũgĩ wa Thiong’o alikuwa kizuizini. Alamin Mazrui naye, mwandishi wa ‘Kilio cha Haki’, aliyaonja ya kizuizi miaka ya themanini. Tofauti ni kwamba sasa tunayo Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 33 kinataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa.

Kinaya kikubwa zaidi kimo darasani. Serikali iliyotuma polisi Kirobon ni hiyo hiyo iliyowatahini maelfu ya watahiniwa wa KCSE kuhusu ‘Kigogo’ cha Pauline Kea. Humo Majoka, mtawala wa Sagamoyo, anafunga soko la Chapakazi na kuwaandama vijana wanaomkosoa. Mwanafunzi aliulizwa athibitishe ubaya wa utawala huo, akaufafanua kwa hoja na mifano, akapewa alama. Je, ubaya huo ukitamkwa kwa sauti, na mtu aliyevaa maleba, ndipo unakuwa uchochezi? Inaelekea tunaikubali tamthilia maadamu imelala kitabuni. Ikisimama, tunaipiga rungu.

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kugeuka mshangiliaji. Michezo ya tamasha hizi ina maradhi yake, na marufuku yametuzoesha kuisifu kwa sababu tu imezimwa. Swali lililoulizwa na wizara kuhusu Malala, kwamba si mwalimu, lilikuja kwa nia ambayo wengi waliitilia shaka, lakini ndani yake mna swali halali: sauti tunayoisikia ni ya nani? Shule nyingi hukodi waandishi na waelekezi kutoka nje, nao wanafunzi hubaki kuwa midomo ya mtu mzima anayetafuta kombe. Tiba yake, lakini, haipatikani katika seli ya polisi. Kuwafundisha wanafunzi waandike wenyewe ndiko kutakakoiponya.

Maradhi ya pili ni ya lugha, na hapa michezo ya Kiswahili ndiyo inayougua zaidi. Imejengeka imani kwamba Kiswahili cha jukwaani ni mrundiko wa methali. Chukua mfano wa kubuni. Lori linateremka mlima wa Sachangwan kuelekea Salgaa, breki zimekwisha. Katika mchezo wa kawaida wa tamasha, utingo atamgeukia dereva na kusema: “Ewe mwenzangu, haraka haraka haina baraka, na tahadhari kabla ya hatari!” Wallahi, kufikia mwisho wa sentensi hiyo lori limeshaingia bondeni. Utingo wa kweli angesema: “Dere, breki zinanuka.” Maneno matatu. Mtazamaji wa Salgaa atashika kiti, kwa sababu anaijua barabara ile. Anakumbuka moto wa lori la mafuta wa Januari 2009 pale Sachangwan, ulioua zaidi ya watu 100. Anakumbuka ajali ya Migaa ya Desemba 31, 2017. Hahitaji kuhubiriwa. Anahitaji harufu ya breki, kisha kimya.

Sisemi methali zifukuzwe. Nasema zipewe mhusika anayezistahili. Kule Kamĩrĩĩthũ wanakijiji waliisikiliza rasimu na kuwasahihisha wasomi: mzee hasemi hivyo, kijana hasemi hivi. Hicho ndicho chuo cha mazungumzo ya jukwaani, na hakihitaji ada.

Na hapa ndipo naishangaa Nakuru. Jijini kuna jumba la Nakuru Players Theatre, urithi wa enzi za walowezi. Vikundi vya waigizaji nchini huzunguka vikiigiza vitabu teule kwa wanafunzi, na hiyo ni riziki halali. Lakini watu wa Salgaa watafunga safari hadi mjini kutazama nini? Mji huu wa malori una hadhira ambayo mwandishi yeyote angeitamani: dereva wa matrela kutoka Uganda, mama muuza chakula, Mkalenjin na Mkikuyu wa Rongai, mkimbizi wa ndani wa ghasia za 2007 na 2008. Wote hawa hukutana katika Kiswahili, kwa kuwa hakuna lugha nyingine inayowatosha. ‘Echoes of War’ uliandikwa kwa Kiingereza. Najiuliza ungevuma vipi kwa Kiswahili, kwenye uwanja wazi, watu wakiwa wamesimama na mahindi choma mkononi.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, wanaosimamia tamasha wachapishe kila mwaka diwani ya michezo mifupi bora, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kila Aprili nchi hii huzaa tamthilia mpya kwa wingi, kisha huzizika pamoja na vyeti. Mhakiki atahakiki nini, na mwanafunzi wa kesho atajifunza kwa nani, ikiwa kinachobaki ni uvumi na video za simu? Pili, michezo inayofuzu ngazi ya kitaifa ionyeshwe pia nje ya ukumbi wa mashindano, katika miji midogo iliyo karibu na shule mwenyeji, bila majaji wala alama.

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Walikuwa wakiwaonya watoto, nadhani, wala hawakuwa wakimpa askari ruhusa ya kuipasua kabla haijapigwa. Wasichana wa Butere waliimba wimbo wa taifa, ubeti unaoomba haki iwe ngao na mlinzi wetu ukiwamo katika wimbo huo, kisha wakatoka. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya onyesho lao ambayo wengi wetu tuliipata. Nyingine tunadaiwa.