Siku 371 Angani: Zamu ya Nusu Mwaka Ilivyogeuka Mwaka Mzima

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huizunguka Dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 415. Kinapopita juu ya utosi wa mtu aliyesimama Tukuyu, wilayani Rungwe, Tanzania, huwa mbali naye kiasi kile kile cha kwenda Dodoma kwa mstari ulionyooka, na karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Kinachofanya safari ya kukifikia iwe ngumu ni kasi. Kituo huenda karibu kilomita 28,000 kwa saa na humaliza mzunguko kwa dakika 93 hivi. Kikikatiza juu ya Mlima Rungwe kikielekea kaskazini-mashariki, kabla dakika mbili hazijaisha kiko jirani na Kilimanjaro. Waliomo huona jua likichomoza mara 15 au 16 kwa siku, ndiyo maana kazi na usingizi wao hufuata majira ya Greenwich, saa tatu nyuma ya Tanzania.

Watu wameishi humo mfululizo tangu Novemba 2000, wengi kwa zamu za miezi sita hivi. Zamu inayofundisha zaidi namna mpango huo unavyoendeshwa ni moja iliyoharibika. Tarehe 21 Septemba 2022, saa kumi na dakika 54 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, chombo cha Soyuz MS-22 kilirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan. Ndani walikuwamo Warusi wawili, Sergey Prokopyev na Dmitri Petelin, na Mmarekani Frank Rubio, daktari na rubani wa helikopta za jeshi. Baada ya mizunguko miwili tu walikuwa wamefika kituoni. Kurudi kulipangwa Machi 2023.

Kabla ya kufika kwenye hitilafu, inafaa kueleza mtu anaishije huko. Nyanda za juu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kituoni hakuna maji ila yale yanayopandishwa kwa roketi na yale yanayotoka miilini mwa watu. Mvuke wa pumzi na jasho hunaswa na mitambo ya kupoza hewa, mkojo huvukizwa na mvuke wake kutoneshwa, kisha vyote husafishwa hadi vinyweke. Juni 2023, Rubio akiwa bado huko juu, shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba mitambo ya upande wake imefaulu kurejesha asilimia 98 ya maji hayo. Sehemu ya maji hupitishiwa umeme ili yatengane kuwa oksijeni na haidrojeni, na oksijeni ndiyo wanayovuta. Hewa ya ukaa huondolewa kwa mitambo mingine. Mitambo hii ikitunzwa na mizigo ikifika kwa wakati, hewa na maji havimlazimishi mtu kurudi baada ya miezi sita.

Mwili una masharti magumu zaidi. Mifupa isiyobeba uzito hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kwa mwezi, hasa nyongani, na misuli ya miguu hunywea. Dawa iliyopo ni mazoezi ya karibu saa mbili kila siku. Vyuma vya kunyanyua havina maana mahali ambapo hata gunia la viazi la kilo 100 husukumwa kwa kidole, kwa hiyo mashine ya kituoni hutumia mitungi iliyoondolewa hewa ndani: mwanaanga husukuma fimbo akishindana na ombwe. Kwenye mkanda wa kukimbilia hujifunga mikanda ya kumvuta chini, la sivyo hatua ya kwanza ingemrusha hadi upande wa pili wa chumba.

Wiki za mwanzo za zamu ya Rubio ziligusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Novemba 7, 2022 chombo cha mizigo cha Cygnus kilirushwa kutoka Virginia, Marekani, kikiwa na setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1. Ni mchemraba wenye ubavu wa sentimita 10, uliotengenezwa na wahandisi watatu wa Kiganda, Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Nusura mzigo huo ukwame, maana paneli moja kati ya mbili za sola za Cygnus iligoma kufunguka. Hata hivyo kilifika, na Novemba 9 mwanaanga Nicole Mann alikidaka kwa mkono wa roboti.

Kuiachia setilaiti ya aina hii ni kazi ya subira. Kasha lenye setilaiti hufungwa kwenye meza ya kuteleza ndani ya chumba kidogo cha kutokea katika Kibo, maabara ya Wajapani. Mlango wa ndani hufungwa, hewa hutolewa, mlango wa nje hufunguliwa. Mkono wa roboti hulichukua kasha na kulielekeza chini na nyuma ya mwelekeo wa kituo, kisha springi huzisukuma setilaiti nje kwa mwendo usiozidi wa mtu anayetembea haraka. Mwelekeo huo una sababu yake. Kilichosukumwa nyuma hupungukiwa kasi kidogo, hushuka kwenye mzingo wa chini, na hakirudi kukigonga kituo. Setilaiti ya Uganda iliachiwa hivyo Desemba 2, 2022. Mlango huo huo ulikuwa umetoa 1KUNS-PF, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mei 11, 2018.

Hitilafu ilitokea usiku wa kuamkia Desemba 15. Saa kumi kasorobo, Tukuyu watu wakiwa bado wamelala, Prokopyev na Petelin walikuwa wamejiandaa kutoka nje ya kituo kwa kazi. Kamera zikaonyesha matone meupe yakimwagika kwa wingi kutoka nyuma ya Soyuz yao. Kilikuwa kipozeo, kimiminika kinachozunguka kwenye mabomba kuondoa joto ndani ya chombo, na kilimwagika kwa saa kadhaa. Kazi ya nje ilifutwa. Uchunguzi kwa kamera ulionyesha kitobo cha kama milimita 0.8, ambacho shirika la anga la Urusi, Roscosmos, lilisema kimetokana na kijiwe cha angani. Februari 11, 2023 chombo cha mizigo Progress MS-21 nacho kikavuja kipozeo, na maelezo ya kijiwe yakaanza kutiliwa shaka na wengi.

Kituo chenyewe hakikudhurika. Hewa, maji na chakula vilikuwapo, na hakuna aliyekuwa mgonjwa. Lakini hakuna anayekaa angani bila chombo cha kumrudisha Duniani wakati wowote, na Soyuz isiyo na kipozeo ingepanda joto hadi nyuzi 40 hivi, pamoja na unyevu mkali, ikiwa na watu watatu na vifaa vinavyowaka. Hapa ndipo penye kiini cha zamu ndefu: urefu wake hupimwa kwanza kwa chombo cha kurudia, uvumilivu wa binadamu hufuata. Kila mwanaanga wa Soyuz ana mto mgumu wa kiti uliofinyangwa kwa umbo la mgongo wake, na bila huo kishindo cha kutua kinaweza kumvunja. Januari 2023 mto wa Rubio ulihamishiwa kwenye chombo cha Dragon kilichokuwa kimeungana na kituo, ili dharura ikitokea akimbie na wanaanga wa chombo hicho. Warusi wawili wangebaki na Soyuz. Miili miwili hutoa joto dogo kuliko mitatu. Ulikuwa uamuzi wa kubahatisha kwa hesabu, lakini hapakuwa na ulio bora.

Suluhisho kamili lilikuja na Soyuz MS-23, iliyorushwa bila mtu Februari 24 na kufika siku mbili baadaye. MS-22 ilirudi tupu Machi 28. Chombo hicho kipya kilikuwa kimekusudiwa kuleta zamu nyingine. Kwa kuwa kilikuja kitupu, hapakuwa na wa kuwapokea waliokuwapo, na Soyuz iliyofuata haikuwa tayari hadi Septemba. Miezi sita ikawa kumi na miwili.

Miezi hiyo ya ziada iliangukia pia kiangazi cha Rungwe, ambapo mawingu huachia anga walau usiku mmoja mmoja. Kituo huonekana kwa macho matupu muda mfupi baada ya jua kutua au kabla halijachomoza, wakati ardhi ina giza huku paneli zake za sola zikiwa bado kwenye mwanga: nukta nyeupe isiyopepesa, inayovuka anga kwa dakika zisizozidi sita hivi. Ndani yake, katika zamu hiyo, Rubio aliotesha nyanya bila udongo. Nyanya moja kibete aliyovuna ilimponyoka katika mfuko wake, ikapotea, na wenzake wakamtania kwamba ameila. Ilipatikana Desemba 2023, imekauka, mwenyewe akiwa ameshaondoka.

MS-24 ilileta zamu mpya Septemba 15, 2023. Tarehe 27, saa nane na dakika 17 mchana, watatu hao walitua kusini-mashariki mwa Zhezkazgan, Kazakhstan, wakiwa wametimiza siku 371. Ni rekodi ya Marekani kwa safari moja. Ya dunia bado ni ya Mrusi Valeri Polyakov, aliyekaa siku 437 kwenye kituo cha Mir mwaka 1994 na 1995. Rubio alisema wazi kwamba angeambiwa mapema kuwa ni mwaka mzima, huenda angekataa.

Walitolewa chomboni kwa kubebwa, kwa sababu masikio ya ndani na mishipa ya damu huwa vimesahau kusimama. Hayo hurekebika baada ya siku au wiki. Mifupa huchelewa: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 juu ya wanaanga 17 ulikuta kwamba 9 kati yao, mwaka mmoja baada ya kurudi, mfupa wa muundi ulikuwa haujapata tena nguvu yake yote.