Sifa za Wapakiaji wa Arua

Chochote kinachochomoza juu ya chombo kina gharama mbili: mwendoni hukizuia, na kwenye kona hukiyumbisha. Wapakiaji wa malori mjini Arua wanaijua kanuni hiyo kwa mikono yao. Kazi yao ni kuinua mzigo juu ya bodi la lori na kuhakikisha unafika Koboko, au mpakani Oraba, au hata Juba, ukiwa umesimama vilevile ulivyoondoka. Huo ni ufundi kamili, na unastahili heshima tunayowapa waashi na waunda mashua.

Watazame wakipanga. Saruji hutangulia, chini kabisa, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Hufuata unga na sukari: safu moja ya magunia hulazwa kwa urefu wa lori, ya pili hukingamishwa, kila gunia likabanwa na mengine kama matofali ukutani. Magodoro, makubwa lakini mepesi, hukaa kileleni. Ukiugeuza mpango huo, mizani itasoma kilo zilezile, lakini kitovu cha uzito kitakuwa kimepanda, na kona iliyopitika jana leo itaangusha lori.

Kisha huja maturubai. La nyuma hutandikwa kwanza, la mbele likalalia ukingo wake, ili upepo uteleze juu ya maungio badala ya kupenya chini yake. Kamba hupishanishwa na kukazwa mpaka turubai liache kupigapiga, kwa kuwa turubai linalopigapiga huchanika na kula mafuta. Mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka mara 4. Tangu kilomita 92 za Vurra hadi Oraba zilipowekwa lami, malori yanakimbia zaidi, na uzembe wa kufunga mzigo unaadhibiwa upesi zaidi.

Wahandisi wa nyambizi wamepambana na tatizo hilohilo chini ya bahari. Nyambizi ina mwili laini wa mviringo, lakini mgongoni hubeba mnara wa periskopu na antena. Mnara huongeza ukinzani, na pale shina lake linapokutana na mwili, maji hujisokota na kutiririka hadi kwenye propela, yakizaa kelele. Mwaka 1953 Marekani ilizindua Albacore, nyambizi ya kujaribia maumbo. Ilionekana kwamba nyambizi ikikata kona kwa kasi, maji huusukuma mnara kutoka ubavuni na chombo hulala ghafla upande wa ndani wa kona. Lori hulalia nje. Pande ni tofauti, funzo ni moja: nguvu ya kando ikipata kimo, hupindua. Katika nyambizi ya baadaye, Seawolf, shina la mnara lilijazwa kwa mbele kwa mteremko laini ili maji yasijisokote.

Mnara wenyewe ulibaki, kwa sababu unahitajika. Kimo cha lori nacho kinahitajika, maana safari isiyojaza bodi hailipi. Kwa hiyo kilele cha ufundi huu ni kujua kikomo. Tajiri anayebaki dukani husema bado gunia moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mpakiaji hodari hurudi nyuma hatua chache, akautazama mzigo kutoka ubavuni, akakataa. Dereva na tajiri wakubali kwamba kauli hiyo ndiyo ya mwisho, na wamlipe kama fundi, kwa sababu ndiye anayebeba maisha ya walio ndani ya lori na wanaopishana nalo.