Shika so, achia do: hesabu ya pedi katika ibada

Mpiga kinanda anayepewa kazi ya pedi kwenye timu ya sifa kwa kawaida hupewa maelekezo mafupi sana: weka sauti laini nyuma, usiwazibe waimbaji, na mchungaji akianza kuomba usikate. Noti gani ashike, hakuna anayemwambia. Ndiyo maana wapigaji wengi hujikuta katika kundi moja kati ya mawili. Kundi la kwanza hupiga pedi kama linavyopiga piano: kodi ikibadilika (kodi za muziki, si zile za TRA), mkono mzima unahama nayo. Kundi la pili limeshagundua kwamba ukishika do na so tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, mambo mengi yanakaa sawa yenyewe. Naona kundi la pili lina akili zaidi, kwa sababu limeelewa kwamba kazi ya pedi ni kutohama. Tatizo ni kwamba kati ya noti mbili lilizochagua, moja si ya kukaa nayo muda wote. So ikae. Do inatakiwa iwe tayari kuondoka.

Tuanze na saa, kwa kuwa hoja yote inatoka hapo. Sauti ya piano huzaliwa pale pale nyundo inapogonga waya, kisha hufifia. Pedi haina haraka hiyo. Ukibonyeza huingia polepole, hukaa kadiri utakavyoshikilia, na ukiachia haikatiki, bali hufifia kwa muda wake. Pedi ya ibada inaweza kabisa kuchukua sekunde 2 kufikia ujazo wake na sekunde 4 kuisha. Sasa chukua wimbo wa kuabudu unaokwenda mapigo 66 kwa dakika. Pigo moja ni sekunde 0.91, na kipimo cha mapigo manne ni sekunde 3.64. Kodi inayokaa mapigo mawili imepewa sekunde 1.8 tu. Kwa hiyo inapita kabla pedi haijafika ujazo wake, mkia wake unaingia katika kodi inayofuata, na kabla mkia huo haujaisha kodi ya tatu imeshapigwa. Mpigaji anadhani amepiga kodi tatu safi. Kinachotoka kwenye spika ni zote tatu zikigombea nafasi. Akikanyaga na pedali ya kushikilia, kama mazoea ya piano yanavyomtuma, mchafuko unakamilika.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kufupisha nyakati hizo, sauti iingie upesi na kukatika upesi. Hapo utakuwa umetibu kwa kuiua pedi, maana kilichobaki ni ogani yenye sauti hafifu. Ya pili ni kukubali kwamba noti zitapandana, kisha kuchagua zile ambazo hata zikipandana hazigombani. Mimi sioni ya tatu.

Uchumi huu wa noti ulikuwemo ndani ya vyombo vyenyewe tangu mapema. Sintesaiza ya Prophet-5 ya mwaka 1978 ilikuwa na sauti 5 kwa wakati mmoja, na Juno-60 ya Roland, iliyotoka 1982, ilikuwa na 6. Aliyebonyeza kodi ya noti nne, kisha nyingine ya noti nne, alisikia mkia wa ile ya kwanza ukikatwa ili kuipisha ya pili. Siku hizi watu hudhani tatizo hilo limekwisha. Halijaisha. Viwango vya General MIDI vya mwaka 1991 vilitenga nafasi nane za pedi, namba 89 hadi 96, na ndiyo sababu hata kibodi ya bei nafuu iliyofungwa kwenye kanisa la mtaani ina pedi ndani yake. Lakini kibodi nyingi za daraja hilo zina uwezo wa sauti 32. Ukipandanisha piano na pedi, na kila noti ya piano ikala sauti mbili na ya pedi mbili, noti nne tayari ni 16. Pedali ikiwa chini, kodi ya pili inafikisha 32, na ya tatu inaanza kuiba. Yule anayelalamika kwamba kinanda chake "kinakatakata" mara nyingi hana kinanda kibovu. Ana mkono usiotulia.

Tuichukue "Oceans (Where Feet May Fail)" ya Hillsong United kutoka Australia, iliyomo katika albamu yao ya Zion ya mwaka 2013. Ni wimbo unaokaribia dakika tisa, na umewafundisha pedi vijana wengi kuliko mwalimu yeyote. Uko katika ufunguo wa D. Ubeti wake huanzia kodi ya sita, yaani B ndogo, kisha A yenye C# kwenye besi, D, A, na kuishia G. Tumpe mpigaji wa kundi la pili ashike do na so, yaani D na A. Juu ya B ndogo, D ni noti ya kodi yenyewe na A inaongeza ladha tu. Juu ya D zote mbili ziko nyumbani. Juu ya G, D ni ya kodi na A inakaa toni nzima kutoka G, ikifungua nafasi bila kumkwaruza mtu. Mpaka hapo safi kabisa. Tatizo ni ile A inayofuata B ndogo. Besi imeshika C#, ambayo ni ti, na pedi imeshika D, ambayo ni do. Kati yao kuna oktava na nusu toni, mkwaruzo ambao sikio halihitaji shule kuutambua. Kwa kuwa pedi haipigwi ikapita, mkwaruzo nao unakaa.

Atakayenipinga atasema: mbona bendi nyingi za mtindo huu hushika do na so na hakuna anayelalamika? Ni kweli, na sababu inaonekana mikononi mwa wapiga gitaa. Katika muziki huu kodi ya tano hupigwa mara nyingi ikiwa imenyang'anywa ti na kuwekewa do mahali pake. Wapigaji huiita sus. Waimbaji nao huimba sehemu kubwa ya wimbo kwa sauti moja. Kama hakuna anayetamka ti, do haina wa kugombana naye. Lakini uhamishie mpango huohuo kwenye kanisa la Afrika Mashariki. Watu waliolelewa na kwaya za sauti nne, waliosoma sol-fa kabla ya kushika gitaa, hawaimbi kwa sauti moja hata ukiwaomba. Wimbo ukifika kodi ya tano, mtu wa alto au tena ataitafuta ti na kuipata, na mkutano mzima utamfuata. Pedi iliyoshikilia do hapo haibebi waimbaji, inawapinga. Mpango uliokopwa ulitengenezewa bendi yenye mazoea mengine.

Sasa angalia kinachotokea ukiacha do na kubaki na so peke yake. Kwenye kodi ya kwanza so ni noti ya tano. Kwenye ya tano ni noti mama. Kwenye ya tatu ni noti ya kodi pia. Kwenye ya sita inakaa toni nzima chini ya la, kwenye ya nne toni nzima juu ya fa, na kwenye ya pili toni nzima juu ya fa vilevile. Kodi sita, na hakuna hata moja ambamo so inagusana na jirani kwa nusu toni. Hakuna muujiza hapo. Skeli kubwa ina nusu toni mbili tu: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Noti nne zinazohusika na nusu toni hizo, yaani mi, fa, ti na do, kila moja ina adui wake mahali fulani. Zinazobaki ni re, so na la, na hizi tatu hazina adui ndani ya skeli. Ndizo noti za pedi. Ukizishika zote tatu, katika D ni E, A na B, unaweza kuvuka kodi zote sita bila kuinua kidole, na mikia ya sekunde 4 ikipandana vyovyote vile haitamkwaruza mtu.

Kanuni hii ina mipaka yake. Wimbo ukiazima noti nje ya skeli, inavunjika: kodi ya pili ikigeuzwa kuwa kubwa inaleta fi, na fi ni nusu toni chini ya so. Wapigaji wa gospo wenye kodi nyingi za kupitia watakutana na hili kila mstari, na kwao ushauri wangu ni kupunguza pedi, si kuifuatisha.

Pingamizi zito zaidi ni hili: so peke yake haisemi nyumbani ni wapi. Msikilizaji anayesikia A tu hawezi kujua kama tuko D, A au G. Nakubali, na nasema hiyo ndiyo faida yake mradi besi ipo. Kazi ya kutaja nyumbani ni ya besi. Pedi ikiitaja pia, besi inapoteza uwezo wa kubadilisha maana ya noti iliyo juu yake, na uwezo huo ndio unaofanya noti isiyohama isichoshe: A ileile inasikika imetulia juu ya D, ina mashaka kidogo juu ya B ndogo, na imefunguka juu ya G. Mambo yanageuka besi ikinyamaza. Mchungaji anapoanza kuomba na vyombo vyote vikaacha, mpiga kinanda ndiye amebaki na jukumu la nyumbani, na hapo do irudi, chini ya so, taratibu. Hakuna kodi inayokuja, kwa hiyo hakuna ti ya kugombana nayo. Kwa hiyo, swali la kujiuliza kabla ya kushika do ni jepesi: besi inapiga au haipigi?

Mahali pa kushika nako kuna hesabu. Waya mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi unatoa Hz 41 hivi, na C ya kati kwenye kinanda ni Hz 262. Noti mbili zilizokaribiana zikipigwa oktava moja chini ya C ya kati, kwenye Hz 131 na kushuka, huanza kunguruma badala ya kusikika kila moja peke yake, na fundi mitambo mzuri atakata pedi yote iliyo chini ya Hz 150 au 200 bila kukuuliza. Juu nako kuna mpaka. Konsonanti za mwimbaji, zile s, t na k zinazofanya maneno yaeleweke, zina nguvu kubwa kuanzia Hz 2,000 kwenda juu. Pedi inayong'aa huko inakula maneno. Funga kichujio hadi sauti iwe butu kidogo kuliko unavyopenda ukiwa peke yako na spika za masikioni. Pedi ya kwaya, ile inayosema "aa", iweke mbali kabisa na mwimbaji anayeimba peke yake: inavaa umbo lilelile la sauti ya binadamu na kumfunika.

Wapo wanaosema pedi nzima ni hila ya kuamsha hisia, na kwamba yapo makanisa yanayoabudu vizuri bila chombo chochote. Hilo la pili halina ubishi. Hilo la kwanza nalikubali nusu. Hila, kama ipo, haiko kwenye noti inayokaa bila kubadilika kwa dakika tano. Iko kwenye kichujio kinachofunguliwa taratibu wakati daraja la wimbo linarudiwa kwa mara ya nne, sauti iking'aa pale pale kiongozi anapoinua mikono. Anayeogopa hila aguse kitufe hicho mara chache. Ama kuhusu mapambio yanayokwenda kasi na seben ikichemka, sina la kutetea: pedi haina kazi pale, na mpigaji aondoe mkono wake au ashike sauti ya ogani.

Swali la mwisho linaulizwa na wahasibu wa kanisa: pedi zilizorekodiwa katika funguo zote 12 zinapatikana, zinachezwa kwenye simu, mpigaji wa nini? Kwa maombi marefu katika ufunguo mmoja, zinatosha, na nisingemlipa mtu kwa kazi hiyo. Lakini rekodi nyingi za namna hiyo zimejengwa juu ya do na so, kwa hiyo zinabeba kasoro ileile, na simu haiwezi kusikia kwamba alto wameimba ti. Tena kuna suala la kupandisha. Kiongozi wa sifa wa kwetu hupandisha wimbo kwa nusu toni kwa ishara ya kidole tu, akitoka D kwenda E♭. So ya zamani ni A, so mpya ni B♭, na kati yake ni nusu toni kamili. Rekodi mbili zikipokezana kwa kufifia hutoa mgongano huo kwa sekunde kadhaa mbele ya kanisa zima. Mpigaji mwenye pedi ya mkia wa sekunde 4 anajua kipimo kimoja ni sekunde 3.64, kwa hiyo akiona kidole anaondoa mkono kipimo kizima kabla ya badiliko, anawaachia piano na besi wavuke, na B♭ anaibonyeza pigo la kwanza likishapigwa.